Sare ya kapteni: kijani au dhahabu? Uzi wa tunaotengeneza vifaa na mavazi ya tamthilia za anga

msasa_mia4

Wakuu, heshima kwenu.

Kila anayeanza kutengeneza nakala za vifaa vya Star Trek ile ya zamani, ya 1966 hadi 1969, anakuja na maswali yale yale: rangi gani, saizi gani, gundi gani. Lipo swali la kutangulia hayo yote na watu wanaliruka. Unataka kunakili kitu kilichokuwepo studio, au unataka kunakili ulichokiona kwenye televisheni? Ni vitu viwili, na mara nyingi havifanani.

Chukua shati la kapteni Kirk. Muulize shabiki yeyote, atakwambia ni la rangi ya dhahabu. Shati lile lilikuwa la kijani, kijani kinachoelekea manjano. Mbunifu wa mavazi, William Ware Theiss, alitumia velua, kile kitambaa chenye manyoya mafupi, na kilipopigwa na taa za studio kikanaswa na filamu ya enzi ile, kikatoka dhahabu. Ushahidi umo humo humo ndani ya tamthilia. Kuna lile shati jingine la Kirk la kufunga kwa kupishanisha mbele, na kuna mavazi ya sherehe. Hayo yalishonwa kwa vitambaa vingine, na kwenye skrini yanaonekana kijani bila ubishi. Cheo ni kile kile, idara ni ile ile, kitambaa tu ndicho kilichobadilika.

Vifaa navyo vina vituko vyake. Sehemu ya kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, ilihusu kiumbe anayetafuta chumvi. Watu wa vifaa wakanunua vinyunyizio vya chumvi vyenye umbo la kisasa. Vikaonekana vya ajabu mno, ikahofiwa mtazamaji hatajua ni vya chumvi, basi vikahamishiwa kwa daktari McCoy vikawa vyombo vya hospitali. Kwa hiyo ukitengeneza kile chombo kwa resini, ile plastiki ya maji inayoganda, ukakipiga msasa mpaka king'ae, umetengeneza nakala ya kinyunyizio cha chumvi. Mwenzako anayetafuta kinyunyizio chenyewe sokoni amekuzidi, hata kama hajashika tupa.

Msimamo wangu: vazi la kuvaa na kupigwa picha, fuata skrini. Kifaa cha kukaa kabatini, fuata kitu halisi. Ila amua kabla hujanunua hata gundi. Karibuni tubishane.

mtiifu_wa_asili

Mkuu, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Nakala ni nakala. Shati lilikuwa kijani, nashona kijani. Ukishona la dhahabu umeshona kumbukumbu ya mtu aliyekuwa anaangalia TV, na kila TV ilikuwa na rangi zake. Tutaishia wapi?

msasa_mia4

Tutaishia pale pale unaposimama mbele ya mashabiki mia na shati la kijani, na kila mmoja anakuuliza wewe ni nani.

mtiifu_wa_asili

Nitawaeleza. Nina muda.

kijana_wa_sayari

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Sina printa ya 3D, sina mashine yoyote, nina kisu, rula na hamu. Nataka kuanza na bastola ya fezeri, ile silaha yao ya miali, na kile kiwasilishi cha kufunua kifuniko, wanachoongelea kama simu. Vipimo navipata wapi? Kila picha mtandaoni inanipa saizi tofauti.

msasa_mia4

Marahaba kijana. Swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote, hayo ya kisu na gundi utayaweza.

Anza na fremu zenyewe. Tamthilia ile ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ndiyo maana matoleo yaliyosafishwa upya yanaonyesha mpaka mikwaruzo ambayo mtazamaji wa 1966 hakuweza kuiona. Tafuta fremu ambayo kifaa kimekaa ubavu kabisa mbele ya kamera, na kamera iko mbali. Kamera ikiwa karibu, mdomo wa bastola unavimba na mpini unasinyaa, nawe utapima uongo kwa umakini mkubwa.

Halafu hakiki kama picha haijavutwa. Tamthilia za zamani zilikuwa na umbo la 4:3. Kuna watu wanazitanua zijaze skrini ya 16:9, na hapo kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Tafuta duara lolote kwenye fremu, kitufe au sahani. Upana na urefu wake visipolingana, tupa hiyo picha.

Saizi sasa. Usipime kwa mkono wa mwigizaji, mikono ya watu haifanani. Tafuta ndani ya kifaa kipande kilichonunuliwa dukani kikabandikwa: kitufe, skrubu, bomba, kinobu cha redio. Kipande cha kiwandani kina kipimo kinachojulikana, na kutoka hapo unapiga hesabu ya vingine vyote. Hii ndiyo sababu wenzetu wa mapanga ya mwanga ya Star Wars wanajua vipimo mpaka milimita: mpini wa lile la kwanza la Luke ulitokana na mpini wa flashi ya kamera za Graflex.

Ukishapata umbo, usikimbilie kukata kitu cha thamani. Kata karatasi ngumu kwa saizi uliyoipata, ishike mkononi kama mwigizaji alivyoshika, mwambie mtu akupige picha kwa umbali ule ule, weka picha mbili pembeni kwa pembeni. Kama kidole chako cha shahada kinafika pale ambapo chake kinafika, uko karibu. Kama bastola inakumeza mkono, punguza, kata tena. Karatasi ni bei rahisi, hasira ni ghali.

kijana_wa_sayari

Nimekupata mkuu. Na umbo lenyewe nalichonga kwa nini kama sina mashine?

msasa_mia4

Tabaka. Chukua shiti za plastiki au mbao nyembamba, kata umbo la ubavu mara kadhaa, bandika moja juu ya nyingine mpaka upate unene, kisha piga tupa na msasa kona zilainike. Mashimo jaza puti ile ya magari. Msasa namba 120 kutoa mawimbi, 220 kusafisha, puliza praima ya kijivu. Praima itakuonyesha aibu zote ulizodhani umezificha. Jaza tena, piga 400 kwa maji. Rangi ni ya mwisho kabisa, na haifichi kitu. Anayetegemea rangi imfichie, nyeusi inayong'aa itamuumbua.

bibi_printa

Mnawapitisha watoto njia ya miba. Printa inamaliza kazi usiku umelala.

Ila niseme na upande wa pili, maana nauona kila siku. Plastiki ya PLA, ambayo wengi wanaanza nayo, inalegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ukiacha kofia yako ya chuma bandia ndani ya gari lililofungwa juani, utarudi ukute imelala ubavu. PETG inavumilia mpaka karibu 80, ABS inafika 100, lakini ABS ina harufu na inajikunja kona wakati wa kuchapa. Kifaa cha kusafiri nacho, chapa kwa PETG.

Na hiyo mistari ya tabaka, mdogo wangu, haiondoki kwa maombi. Printa inakupunguzia kuchonga, msasa uko pale pale.

povu_na_moto

Siku hizi Star Trek mnaiongelea kama msahafu. Sisi wa deraya tuko wapi? Wa The Mandalorian, ile tamthilia ya Star Wars, mikono juu.

Kwa deraya ya kuvaa kutwa nzima, resini na plastiki ngumu zinachubua kwapa. Sponji ya EVA ndiyo mkombozi, ile ile ya mikeka ya mazoezi. Siri ziko mbili. Ya kwanza ni kisu: badilisha wembe kabla hujauhitaji. Wembe butu haukati sponji, unaitafuna, na ukingo uliotafunwa hakuna puti itakayouponya. Ya pili ni moto. Kabla ya rangi, pitisha hita ya kupuliza hewa ya moto juu ya uso wote mpaka uone unabadilika kutoka weupe wa vumbi kuwa mng'ao kidogo. Vitundu vimejifunga hapo, rangi haitanyonywa. Hapo hapo ikiwa bado ya moto ikunje kwenye goti au chupa uipe mviringo, ikipoa inabaki na umbo hilo.

Gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri. Gusa kwa kidole, isipokunata tena ndipo ugusanishe. Una nafasi moja tu, ikishika imeshika.

Kisha tabaka kadhaa za mpira wa kupuliza au gundi nyeupe iliyozimuliwa, rangi ya fedha, na mwisho uchakavu. Rangi nyeusi ya maji iliyochanganywa na kahawia, paka, futa na kitambaa kabla haijakauka, ibaki kwenye mikunjo tu. Mikwaruzo ya fedha weka pale ambapo chuma kingesuguana kweli: ukingo wa bega, chini ya kofia, mahali mkono unaposhika. Watu wananyunyiza mikwaruzo kila mahali mpaka deraya inaonekana ina ugonjwa wa ngozi.

msasa_mia4

Na nikuombe, huo uchafu ubaki huko huko kwenu. Juzi nimeona fezeri ya Star Trek imepakwa kutu. Chombo chao kina mabaharia mia nne na kila korido inang'aa, kutu imetoka wapi?

mama_cherehani

Wanangu, mmeongea plastiki mpaka nguo mmeisahau, na uzi ulianza na shati.

Velua ina mwelekeo. Pitisha kiganja kwenda chini, inalala laini na rangi inakuwa nyepesi. Pitisha kwenda juu, manyoya yanasimama na rangi inakoza. Sasa fundi anayebana kitambaa anageuza mkono mmoja kichwa chini ili apate kuokoa robo ya kitambaa. Shati likivaliwa, mkono wa kulia ni rangi moja na wa kushoto ni nyingine, mteja anadhani zimetoka jora mbili. Chora mshale nyuma ya kila kipande kabla hujakata, mishale yote ielekee upande mmoja, na kata tabaka moja moja, maana ukikunja kitambaa manyoya yanasukumana na vipande vinateleza.

Fua kitambaa kwanza. Hili si ushauri wa hiari. Velua ya sare zile ilikuwa inarudi kila ikisafishwa, mpaka msimu wa tatu wakaachana nayo wakahamia kitambaa cha kufumwa kisichosumbua. Ndiyo maana sare za msimu wa tatu zinakaa tofauti mwilini, na anayejua anaona kwa mbali shati lako ni la msimu gani. Sindano tumia ile ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha butu, la sivyo mshono utaruka.

Utepe wa mkononi nao watu wanaukosea sana. Kapteni ana mistari miwili mizima na katikati yake mmoja uliokatika katika. Spock, msaidizi wake, ana miwili mizima. Luteni kamanda ana mmoja mzima na mmoja wa kukatika, luteni ana mmoja tu. Nimeona mtu kavaa shati la bluu la daktari na utepe wa kapteni, nikamwacha na furaha yake.

Suruali ni nyeusi, fupi kidogo, pana chini, inaishia juu ya kifundo ili buti ionekane. Ukiishona ndefu ya kawaida, hata ukiwa na shati la dhahabu tupu utaonekana mhudumu wa hoteli.

kijana_wa_sayari

Mama, shikamoo. Na zile sare za The Next Generation, Star Trek ya baadaye ya kapteni Picard, za kubana mwili mzima?

mama_cherehani

Marahaba mwanangu. Achana na za misimu miwili ya mwanzo. Zile za 1987 zilikuwa za spandeksi, kipande kimoja, zinavuta kutoka bega hadi unyayo, na waigizaji walilalamika mgongo unauma. Msimu wa tatu Robert Blackman akawaletea za sufi, vipande viwili. Shona hizo. Tena ukisimama itabidi uvute koti chini kama Picard anavyovuta, hiyo hutahitaji kuigiza, koti lenyewe litakulazimisha.

waya_mwekundu

Naona hakuna aliyegusa taa. Kijana, kwenye kiwasilishi chako utataka kitu kiwake. Betri ndogo ya volti 9, taa ya LED nyekundu. Usiunganishe moja kwa moja, utaiona inawaka mara moja maishani mwake. LED nyekundu inakula volti 2 hivi, zinabaki 7. Mkondo tunautaka miliampea 20, yaani 0.02. Gawa 7 kwa 0.02 unapata omu 350. Dukani chukua rezista ya 390, kile kipande cha kupunguza mkondo, iunge kati ya betri na LED, itawaka vizuri na itaishi. LED ya bluu au nyeupe inataka volti 3 hivi, rudia hesabu.

Halafu mwanga wa LED ni nukta kali inayochoma macho, taa za enzi zile hazikuwa hivyo. Kata kipande cha plastiki angavu, kipige msasa pande zote mbili kiwe na ukungu, kiweke mbele ya taa.

Kile kiduara cha mistari kinachozunguka katikati ya kiwasilishi ni karatasi mbili za mistari, moja imesimama na nyingine inazunguka nyuma yake, jicho lenyewe linaumba mawimbi. Kwenye vile vya kupigwa picha karibu, kilichokizungusha ni mashine ya saa ya kupimia mbio. Hakuna umeme hapo. Wah Chang, aliyevitengeneza, alikuwa fundi wa ukweli.

mtiifu_wa_asili

Mnaona sasa? Uzuri wote umo kwenye kitu halisi. Mtu wa kufuata skrini angeweka kioo kidogo cha kidijitali hapo, akamaliza.

msasa_mia4

Hilo nakupa. Kiwasilishi nitafuata cha studio. Shati bado.

kalibu_ya_silikoni

Niingie kwa jambo lisilofurahisha. Mtu mmoja alinunua kwangu kofia ambayo haijapakwa rangi. Baada ya muda nikaikuta inauzwa kwa nusu ya bei, na kovu lile lile la kisu changu chini ya sikio la kushoto. Kaitia kwenye silikoni akapata kalibu, kamimina nakala zake. Jina nakaa nalo.

Mjue mnaponunua za bei ya chee: nakala ya nakala inapungua. Resini inasinyaa kidogo ikikauka, na kona kali zinalainika kila kizazi. Ya kizazi cha tatu utaiona, macho yake kama yana usingizi.

Na anayetaka kumimina kazi yake mwenyewe, silikoni ya platinamu haielewani na salfa. Ukichonga kwa udongo wenye salfa, sehemu inayogusana na udongo inabaki uji na kalibu umeipoteza. Ile ya bati haina usumbufu huo ila haidumu miaka mingi. Resini changanya uzito au ujazo kama kopo linavyosema, mimina uzi mwembamba kutoka juu ili mapovu yapasuke njiani. Na barakoa. Ile ya kitambaa haizuii kitu, tafuta yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Mapafu hayana nakala.

mpita_njia_77

Sheria inasemaje kuhusu kuuza hivi vitu? Nisije nikaamka na barua ya wakili.

kalibu_ya_silikoni

Inategemea uko nchi gani na kitu chenyewe. Kesi maarufu ni ya Andrew Ainsworth, aliyetengeneza kofia za askari weupe wa Star Wars na baadaye akawa anaziuza. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kofia ile si sanamu ya kisanaa, ni kifaa cha kazi kwenye filamu, kwa hiyo haina ulinzi mrefu wa hakimiliki kama wa sanaa. Lakini hukumu hiyo hiyo ilisema hakimiliki ya Marekani inaweza kudaiwa mbele ya mahakama za Uingereza. Kwa hiyo alishinda na kushindwa siku moja.

Upande wa Star Trek, wenye hakimiliki, CBS na Paramount, walitoa miongozo ya filamu za mashabiki mwaka 2016. Hadithi moja isizidi dakika 15, na kama unatumia sare au vifaa vinavyouzwa madukani, viwe rasmi, visiwe vya kughushi. Kushona chako mwenyewe ukavaa ni jambo moja, kufungua duka ni jingine.

shali_refu

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyemtaja Doctor Who, nimeumia. Ngoja niseme kidogo tu.

Mnaogopa resini? Fumeni shali la Tom Baker, mmoja wa waigizaji waliocheza kama Doctor. Mwaka 1974 mbunifu James Acheson alimpa mfumaji Begonia Pope sufi za rangi mbalimbali, mama wa watu akazifuma zote alizopewa, likatoka shali la kuburuza chini. Wakalipenda. Mshono ni mmoja kila safu, mtoto anaweza. Ugumu uko kwenye mpangilio wa rangi, maana mashali yalikuwa zaidi ya moja na yalikatwa na kuunganishwa misimu ilivyokwenda. Chagua sehemu moja ya tamthilia, hesabu mistari ya hilo hilo. Na fuma fupi kuliko unavyotaka, sufi inavutika kwa uzito wake.

Dalek, yule adui wa Doctor mwenye umbo la roboti, sisemi. Ina nusu duara 56 za kubandika na inahitaji chumba chake.

kijana_wa_sayari

Asanteni sana wote. Kwa hiyo shati nishone rangi gani? Naona hamjaelewana.

mama_cherehani

Hawataelewana hao, wewe fanya hivi. Omba vipande vidogo vya velua dukani, cha kijani-manjano na cha dhahabu. Viweke ukutani, washa taa ya mwanga wa njano, piga picha kwa simu. Zima, piga tena kwenye mwanga wa mchana. Simu yako haina filamu ile wala taa zile, usitegemee muujiza wa kijani kugeuka dhahabu wenyewe. Chagua kinachokupendeza kwenye picha zote mbili, ndicho utakachovaa.

mtiifu_wa_asili

Kijani.

kijana_wa_sayari

Haya mama. Swali la mwisho, msinicheke. Nimeangalia sehemu nyingi, sare hazina mifuko kabisa. Wao walibandika fezeri kiunoni kwa velkro. Sawa, na simu yangu naweka wapi?

mama_cherehani

Ndani ya buti ya kushoto. Shonea kifuko cha pamba upande wa nje wa mguu, juu ya kifundo, kifunike na hiyo suruali pana. Acha nafasi ya vidole viwili, la sivyo kila simu ikiita utavua kiatu.